Nikimkumbuka Meja Puskás

Jana baada ya Isha, barazani hapa Kibokoni, wazee wetu walimtaja Ferenc Puskás wa Hungaria, nami nikatambua kwamba vijana wengi wanaijua tuzo ya FIFA yenye jina lake kuliko wanavyomjua mwenyewe. Mwaka 1949 klabu yake ya Kispest ilichukuliwa na jeshi ikawa Honvéd, wachezaji wakapewa vyeo, naye akapanda hadi kuwa meja. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mzinga: mabao 84 katika mechi 85 za Hungaria, na mwaka 1953 aliiongoza kuifunga Uingereza 6-3 uwanjani Wembley. Kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni yaliyofuata. Baada ya maasi ya Wahungaria ya 1956 dhidi ya utawala wa kikomunisti hakurejea kwao, akafungiwa kucheza, na alipopokelewa na Real Madrid mwaka 1958 alikuwa na miaka 31, umri ambao wengi humhesabu mchezaji kuwa amekwisha. Miaka miwili baadaye akafunga mabao manne katika fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Eintracht Frankfurt. Alifariki tarehe 17 Novemba 2006, na Hungaria ikamzika kwa heshima za kitaifa na saluti ya kijeshi, haki ambayo naona aliistahili kikamilifu.