Malizia Wewe Tu, Mama

Mimi na mzee wangu (mume wangu) bado tuko huku misheni, wanandoa wazee wa kujitolea wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wiki hii mjukuu amezaliwa (mama na mtoto wazima, asanteni kwa salamu), wamisionari vijana wamehamishwa vituo, na bomba la kanisani limepasuka na kuzibwa. Lakini lililonikaa kooni tangu Jumapili ni maneno ya karani wa tawi (kusanyiko dogo la waumini tunalolisaidia), yule kijana mnayemfahamu.

Tulikuwa ofisini baada ya ibada, tunasahihisha kumbukumbu za waumini, kaya moja baada ya nyingine. Nikamwambia, "Haya mwanangu, hifadhi hiyo, fungua kaya inayofuata." Akasimama, akanisogezea kiti.

"Malizia wewe tu, Mama. Wewe una kasi. Na nyie mkiondoka, watakuja wengine."

Nikajibu, "Watakuja, ndiyo." Basi.

Amesema kwa adabu zote. Wala si mvivu: ndiye anayefungua milango asubuhi na ndiye anayeifunga. Ndiyo maana maneno yake hayanitoki. Ningeyasikia kwa mtu mtegaji kazi ningeyapuuza. Nimeyarudia nikiosha vyombo, nimeyarudia kitandani, na kila nikiyarudia nasikia kitu tofauti. Mara nasikia sifa. Mara nasikia kijana aliyelelewa asimweke mtu mzima akisubiri. Mara nyingine nasikia ukweli mtupu: wanandoa wazee huitwa kwa miezi 6, 12, 18 au 23, na yeye ameshaona wakija na kuondoka. Kwa hesabu yake, kujifunza kitu ambacho mgeni anakifanya vizuri zaidi ni kupoteza Jumapili.

Hapo ndipo penye uzito wa utumishi huu, na wanaojiandaa kuomba wito mara nyingi hawaambiwi. Huulizwa habari za afya, za fedha (kila kitu ni kwa mfuko wetu wenyewe), za nani atakaa na nyumba. Lakini asilimia kubwa ya wanaokuja ni watu waliostaafu kazi zilizowalipa kwa kumaliza haraka. Mnaojua kazi yangu mnajua nilivyozoea kufunga hesabu za mwezi. Huku mambo ni kinyume. Kazi ninayoimaliza mwenyewe leo ni kazi ambayo tawi halitaweza kuifanya siku tukipanda ndege. Wanandoa wengi huondoka wakiacha faili safi kabisa, na baada ya robo mwaka mbili faili hizo zimerudi zilivyokuwa, kwa sababu aliyekuwa anazishika hayupo.

Chukueni hizi kumbukumbu za waumini. Kwa mtu wa mbali ni orodha ya majina tu. Kwa tawi ndizo zinazosema nani anahitaji kutembelewa, mtoto yupi anakaribia miaka 8 na kustahili kubatizwa, nani hana tarehe ya kuthibitishwa (kuwekewa mikono baada ya ubatizo) ingawa alibatizwa. Zinaharibika kwa njia zilezile kila mahali.

Ya kwanza ni tarehe. Mtu anaandika 04/07 kwenye karatasi. Aliyeandika anamaanisha tarehe 4 Julai, anayeingiza anasoma Aprili 7. Mtoto anajitokeza kwenye orodha miezi mitatu kabla ya wakati wake, au ikigeuzwa kinyume, miezi mitatu baada ya wenzake kubatizwa, naye amekaa kimya akidhani amesahauliwa. Dawa yake ni moja: mwezi uandikwe kwa herufi, kuanzia kwenye karatasi ya kwanza kabisa, na karatasi yenye mwezi wa tarakimu irudishwe kwa mwenyewe.

Ya pili ni majina. Mtu mmoja anaingia mara mbili, mara moja kwa jina la cheti cha kuzaliwa, mara nyingine kwa jina analoitwa mtaani. Au jina la ukoo limewekwa mahali pa jina la kwanza, na kaya moja inagawanyika kuwa mbili, baba huku, watoto kule. Karani akigundua kumbukumbu mbili za mtu mmoja, asifanye haraka kuiondoa ile anayodhani ni ya ziada, maana ubatizo unaweza kuwa umeandikwa kwenye moja na ndoa kwenye nyingine. Azichapishe zote mbili, akae na mwenyewe, waweke alama palipo sahihi, kisha aombe ziunganishwe.

Ya tatu ni waliohama, na hii inaniumiza kuliko zote. Mtu haonekani kanisani miezi kadhaa, karani anataka kuandika kwamba hajulikani alipo. Hapana. Kwanza simu iliyopo, kisha simu ya ndugu, kisha rais wa Muungano wa Usaidizi (kiongozi wa akina mama) na rais wa akidi ya wazee (kiongozi wa wanaume) waulizwe, kisha mguu kwa mguu hadi mlango wa mwisho alikoishi, jirani aulizwe. Asilimia kubwa hupatikana kwa jirani. Kumbukumbu inayotumwa kwenye tawi analoishi sasa inamfikishia mtu wa kumbishia hodi. Inayopotea haimfikishii mtu yeyote.

Njia bora niliyoiona ya kusafisha yote haya ni kuchapisha muhtasari wa kila mtu mzima, kuutia kwenye bahasha iliyofungwa yenye jina lake, na kumpa mkononi pamoja na kalamu. Asomee pale pale, asahihishe, arudishe kabla hajatoka mlangoni. Ukimruhusu kwenda nayo nyumbani, nusu hazirudi. Kaya tano kwa Jumapili zinatosha. Ukizidisha, marekebisho yanalundikana mezani hayaingizwi, na watu wakiona makosa yaleyale safari nyingine wanakata tamaa na zoezi zima.

Upande wa fedha ni wa mzee wangu, na mimi siukaribii kwa sababu zaka ni siri ya mtoaji na wale wawili wanaohesabu. Mzee huwafundisha wahesabuji hao kwa bahasha za mazoezi zenye majina ya kubuni. Wawili pamoja, daima: rais wa tawi (kiongozi wake) au mshauri wake, na karani. Bahasha moja inafunguliwa, fedha inahesabiwa, inalinganishwa na fomu iliyomo, ndipo ifunguliwe ya pili. Zisifunguliwe zote na kumwagwa mezani, kwa sababu ikitokea tofauti hutajua imetoka bahasha ipi, na mtoaji anapaswa kuulizwa siku hiyohiyo. Amewafundisha na ule ujanja wa wahasibu: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta kwanza tarakimu zilizopinduliwa, mtu ameandika 54 badala ya 45. Lakini huwaonya pia kwamba jumla kulingana si ushahidi wa kutosha. Matoleo ya mfungo (ya kusaidia wenye shida) yakiingizwa kwenye safu ya zaka, jumla inakubali kabisa na kosa linabaki humo hadi mkaguzi aje, naye huja mara mbili tu kwa mwaka. Kwa hiyo kabla ya kufunga, mmoja asome fomu kwa sauti, mwingine afuate safu kwa kidole kwenye skrini. Na fedha iende benki siku ileile inapowezekana, wawili walewale pamoja. Isilale nyumbani kwa mtu, hata kwa rais.

Sasa kumfundisha mtu haya bila kumnyang'anya ndiko kazi ilipo. Kiti cha mwalimu kiwe pembeni, nyuma kidogo ya bega la mwanafunzi, mahali ambapo mkono wako haufiki kwenye kipanya. Akikwama, usimwambie bonyeza wapi. Muulize, "Imeandika nini hapo?" Mara nyingi jibu liko kwenye skrini, ila macho yake yamezoea kukutazama wewe. Asiandikiwe mwongozo. Aandike mwenyewe kwenye daftari, kwa maneno yake, maana mwongozo mzuri uliochapwa na mgeni huishia kabatini. Na wafundishwe wawili, kamwe si mmoja, kwa sababu vijana huhama kufuata kazi na masomo. Kazi ya dakika ishirini itachukua saa nzima, pengine na zaidi umeme ukikatika katikati. Saa hiyo ndiyo utumishi wenyewe.

Ndiyo maana "watakuja wengine" imenikaa hivi. Mwaliko ule ulikuwa mtamu. Kiti kimesogezwa, kaya zilizobaki ni chache, njaa inauma, mzee yuko nje na funguo za gari. Sikukaa. Nilisema kaya zilizobaki zitangoja Jumapili ijayo, na tukafunga ofisi. Lakini jibu langu la mdomoni, lile "watakuja, ndiyo", ndilo ninalotaka kulipanga upya usiku kucha. Ningemwambia kwamba hao wengine watamkuta yeye. Kwamba wakifika hawatajua nani ni mtoto wa nani, wala kwamba nyumba ya yule bibi iko nyuma ya kinu, na yeye anayajua hayo kuliko mtambo wowote. Kasi yangu haina jina hata moja la watoto hawa.

Basi jana akanitumia ujumbe. Picha ya ukurasa wa daftari, mwandiko wake umebanana, hatua zimepangwa kwa namba. Chini yake: "Shikamoo Mama. Hapa namba sita nimeandika sawa?"

Namba sita ilikuwa sawa. Kilichonifanya nimwite mzee aje kuona ni namba saba, ambayo sikumfundisha mimi: "Kabla ya kuhifadhi tarehe ya mtoto, mpigie mama yake." Mama, si baba wala mkuu wa kaya. Anajua nani nyumbani anakumbuka tarehe. Na ametumia picha ya hatua peke yake, hakuna jina la mtu hata moja. Hilo tulilizungumza zamani mara moja tu, kwamba taarifa za waumini hazipigwi picha kwenye simu, nami sikujua kama lilimwingia.

Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Ni sawa. Na ya saba nimeichukua, nitawafundisha wengine." Akarudisha kwamba Jumapili atakuja na dada anayemsaidia, na naye ana daftari lake. Furaha niliyokuwa nayo jioni ile, hata simu ya video ya mjukuu haikuizidi kwa mbali, na aliyezaa anisamehe kwa kusema hivyo. Kuhusu kwenda kumwona mtoto: tunaruhusiwa kurudi kwa jambo kubwa la familia, kwa nauli yetu, kwa kawaida siku zisizozidi 7 hadi 10, baada ya kukubaliana na rais wa misheni (msimamizi wa wamisionari wa eneo hili). Tumeamua kusubiri. Siku saba ukitoa za safari na usingizi uliovurugika zinabaki chache, na mtoto mchanga analala tu. Akifikisha miezi ya kucheka ndiyo safari itakuwa na maana.

Linaloninyima raha usiku huu ni miguu ya mzee. Vifundo vya miguu vinavimba kila jioni, soksi zinaacha alama ya mtaro. Tulipofungua akiba ya mwisho ya vidonge tuliyokuja nayo, daktari wa huku alimwandikia amlodipine ileile, dawa yake ya presha, ila boksi la duka la dawa ni la miligramu 10, na alikuwa anameza 5. Kuvimba vifundo ni tabia inayojulikana ya dawa hiyo, na dozi ikipanda huzidi. Hajaumwa kifua wala hapumui kwa shida, na miguu yote miwili imevimba sawasawa. Ungekuwa mmoja tu, wenye maumivu kwenye shavu la mguu, tungekuwa hospitali sasa hivi. Nampima presha asubuhi na jioni: anakaa dakika tano bila kuzungumza, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, vipimo viwili vyenye dakika moja kati yake, naandika vyote. Hapunguzi dozi kwa kichwa chake, hilo tumekubaliana. Nimempigia daktari mara mbili, simu haijapokewa. Zahanati inafungua saa mbili asubuhi. Tutakuwa mlangoni na boksi la zamani, boksi jipya na daftari la vipimo, ingawa yeye anasema ana miadi na rais wa tawi muda huohuo na hataki kumwangusha.