Mama Alipoziona Figo za Mwanawe

Mateja wenzake ndio waliompakia mdogo wangu kwenye bajaji wakamleta nyumbani, na mpaka leo nawashukuru. Ilikuwa mwaka 2012. Walisema alijidunga unga, yaani heroini, usiku akalala palepale kwenye pagale moja kule Temeke, mguu umekunjika chini yake, hakugeuka hadi jua likawa utosini. Paja lilivimba likawa gumu. Jirani akasema hiyo ni arosto, yale maumivu ya kukosa unga, itapita. Lakini mama alikuwa ameuona mkojo wake: kidogo, mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Baadaye ukakata kabisa.

Daktari hakumwita teja hata mara moja. Alitueleza kwamba msuli ukikandamizwa saa nyingi hukosa damu ukaanza kufa, na protini yake, mayoglobini, huingia kwenye damu ikaenda kuharibu vijifereji vya figo. Potasiamu nayo hupanda, na hiyo inaweza kuusimamisha moyo ghafla.

Picha ya CT yenye dawa ya mshipani hawakuitaka, kwani dawa yenyewe ingeweza kuziumiza figo zaidi. Wakampima kwa altrasaundi. Mama akauliza, "Daktari, ndiyo zimekwisha?"

Daktari akamgeuzia skrini. Tabaka la nje la figo liling'aa kuliko ini, na kwa mtu mzima wa afya haling'ai hivyo. Nikaishiwa nguvu. Kisha akapima urefu wa kila figo: zilizidi sentimita 12.

"Mama, figo iliyougua miaka mingi mara nyingi husinyaa. Hizi zimevimba. Zimeumia juzijuzi, na zinaweza kurudi."

Ndugu walikuwa wameanza kusema kwamba kumsafisha damu mtu wa unga ni kutupa pesa. Shangazi alisema waziwazi kuwa akipona atarudi kwenye kete. Mama aliwajibu wote kwa neno moja: "Nimeziona. Hazijasinyaa." Akauza cherehani, tukachanga iliyobaki.

Alisafishwa damu kwa wiki kadhaa. Mkojo ulirudi kidogokidogo, halafu ukawa mwingi kupita kiasi, nasi tukawa tunaupima kwa furaha ambayo asiyeuguza figo hawezi kuielewa. Alipoweza kutembea tulimpeleka Muhimbili, kwenye kliniki iliyoanza mwaka 2011 ya methadoni, dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuacha heroini. Wakati ule dozi ilinywewa palepale mbele ya mhudumu, kila siku. Mama ndiye aliyekuwa akimsindikiza, na shangazi akaanza kuchangia nauli.