Nilivyorudi Marangu kupanda msesewe

Shangazi alinisumbua kwa simu wiki nzima, kijijini wanapanda miti kando ya mfongo, ule mfereji wa maji ya mashambani, tarehe 1 Aprili, siku ya taifa ya kupanda miti, na kila ukoo utoe mtu. Sasa sisi ukoo mzima tumehamia Dar, kule kihambani, kwenye shamba la ukoo, kabaki yeye tu na goti lake bovu. Basi nikaomba ruhusa kazini nikadamkia Stendi ya Magufuli na begi moja na sukari kilo tano, maana ukienda kwa shangazi mikono mitupu utasemwa mpaka Desemba.

Njiani hamna jipya, Korogwe machungwa dirishani, Mombo chipsi za bei ya kuibiwa. Ukishapita Same na Mwanga ile nchi kavu inakuchosha macho, af unafika Himo unaanza kuona kijani. Nikashukia hapo nikadandia noah, tumebanana kama dagaa na mkungu wa ndizi juu ya miguu yangu, tukapandisha mpaka Marangu Mtoni mvua ya masika inapiga, mlima wala hauonekani, mawingu matupu.

Kesho yake mwenyekiti kahutubia weee, watu tunalowa tu. Bwana misitu akaanza kugawa miche, mingi migrevilea na miringaringa, ila kwenye toroli nikaona msesewe mmoja nikaudaka fasta.

Msesewe ndo ule magome yake yanatiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, iwe na ule uchungu. Babu alikuwa nao pale pale mfongoni, na alikuwa na utaratibu wake, anabandua gome upande mmoja tu, kipande kama kiganja, anaacha kidonda kipone, siku nyingine anaenda upande mwingine. Mimi nikiwa na miaka tisa nikajifanya namsaidia, nikachukua panga nikabandua shina zima kuzunguka, yani nilijiona bingwa kweli. Hakunichapa. Alipitisha kidole pale palipokuwa peupe panachuruzika maji, akasema tu, "Umeukaba koo." Majani yakaanza kunyauka, mti ukakauka umesimama. Watu wakiuliza babu anajibu ni wadudu, na akaendelea kujibu hivyo hivyo mpaka tukamzika pale kwenye migomba, nami nikajua ile siri imebaki kwangu.

Basi nikachimba shimo langu, udongo mwekundu umeshika jembe kama ugali, nikachukua mche nikautumbukiza nikaanza kufukia. Shangazi huyo kwa nyuma na mwamvuli wake, kwa sauti ya mfongo mzima kusikia:

"Wee, toa kiriba kwanza! Au na huu unataka kuuua?"

*Na huu*. Nikamwangalia, yeye kaangalia pembeni anajidai anapanga kitenge chake. Nikachana kile kiplastiki taratibu nisivunje udongo wa mizizi, nikaupanda upya bila kusema neno, na jioni tulivyokuwa tunakunywa mtori hakuna aliyeligusa lile jambo, sio mimi sio yeye.

Juzi kanipigia, mbuzi wa jirani kachomoka bandani katafuna majani mawili ya juu. Jirani mwenyewe kaja na tawi la isale, mmea ambao sisi Wachaga tunaombea msamaha, nusu utani nusu kweli, na shangazi kalipokea kalichomeka pale pale pembeni ya mche.