Mota inatetemeka, kila mtu anasema beringi, kumbe ni mguu

Hii mota ya pampu, kilowati 30, poli 4, umeme wa hezi 50, ilikuwa inatetemeka mpaka raba za kaplingi, kile kiungo cha mota na pampu, zinalika, mita ya mtetemo inasoma milimita 7 kwa sekunde na kila anayepita anasema beringi hiyo. Mi beringi sibadilishi kwa kuhisi.

Nikafungua kaplingi nikaiwasha peke yake, bado inatetemeka vilevile, basi pampu haihusiki. Halafu nikazima umeme huku nimeshika bodi, mtetemo ukakata palepale na rota, ile sehemu inayozunguka ndani, bado iko kwenye spidi! Hapo ndo penyewe, maana ingekuwa balansi ya rota au beringi imechoka ungepungua polepole pamoja na spidi, ukikata ghafla ujue ni sumaku, na mita ilikuwa inaonyesha hezi 100, mara mbili ya umeme.

Umeme nikaupiga kufuli, nikaweka dayo geji, saa ya kupima msogeo mdogo, kwenye kila mguu wa mota, pale inapofungwa chini, nalegeza boliti moja moja. Mguu wa nyuma kulia ukainuka milimita 0.20, na mi zaidi ya 0.05 sikubali. Yaani ukiikaza ile boliti unaipinda bodi, nafasi kati ya rota na stata, ile sehemu ya nje isiyozunguka, haiko sawa tena, rota inavutwa upande mmoja. Nikasugua kutu na rangi chini ya mguu, nikapima tena, nikaweka shimu, kibati cha kujazia chini ya mguu, moja nene, sio kurundika vipande vyembamba maana vinakuwa springi. Alaimenti upya, yaani shafti ya mota na ya pampu zikae mstari mmoja, kaplingi ikarudi, sasa inasoma 1.4.