Kiputo cha Kuonekana, Chembe ya Kupenya

Anayesoma habari za chembe za nano (zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita) katika tiba huahidiwa mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba chembe hiyo itaonekana kwenye skrini ya ultrasaundi, kipimo kinachochora picha ya mwili kwa mwangwi wa mawimbi ya sauti, na kwamba itabeba dawa hadi mahali penye ugonjwa. Nimezifuatilia habari hizi kwa muda sasa, na naona kwamba ahadi hizo mbili zinavutana, na chanzo cha mvutano huo ni ukubwa wa chembe yenyewe.

Ultrasaundi hupenda gesi, kwa kuwa gesi hubonyea upesi ilhali damu haibonyei kirahisi, na tofauti hiyo ndiyo inayorudisha mwangwi. Mwaka 1968 watafiti Gramiak na Shah walieleza wingu la mwangwi lililotokea ndani ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni, baada ya mgonjwa kudungwa kimiminika; wingu hilo lilitokana na viputo vidogo vya gesi, na tangu hapo viputo vikawa wino wa kipimo hiki. Viputo vya leo vina kipenyo cha mikromita chache tu (mikromita moja ni nanomita 1,000), hivyo hupita katika kapilari, mishipa myembamba kabisa, za mapafu pamoja na seli nyekundu. Ndani yake mna gesi nzito, kama salfa heksafloridi au perfluorokaboni, isiyoyeyuka haraka katika damu, na nje kuna ganda jembamba la fosfolipidi (aina ya mafuta) au albumini (aina ya protini). Kwa bahati njema, kiputo cha ukubwa huo hutikisika vizuri zaidi kwenye masafa ya megahezi chache, ambayo ndiyo yanayotumiwa na mashine za hospitali: kila wimbi linapopita hutanuka na kusinyaa, tena si kwa ulinganifu, na mwangwi huo uliopotoka ndio unaoiwezesha mashine kukitofautisha na nyama iliyokizunguka. Baada ya dakika chache gesi hutoka kwa pumzi.

Tatizo ni kwamba kiputo hicho hakitoki nje ya mshipa. Kuta za mishipa ya uvimbe wa saratani mara nyingi huwa na mianya ya nanomita mia kadhaa, ambayo chembe ya nanomita 100 ingeweza kuipenya; lakini nguvu ya mwangwi wa chembe ndogo kiasi hicho hufuata kipeo cha sita cha nusu kipenyo chake, maana yake ukiipunguza mara 10, mwangwi hupungua mara 1,000,000. Hapo ndipo matangazo mengi hunyamaza.

Njia ya ujanja kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya matone. Perfluoropentani, mojawapo ya perfluorokaboni, huchemka kwenye nyuzi 29 za Selsiasi, lakini ikigawanywa kuwa matone ya nano hubaki majimaji hata katika joto la mwili, kwa sababu mkazo wa uso huongeza shinikizo ndani ya tone. Pigo kali la ultrasaundi huligeuza tone kuwa kiputo, na kipenyo chake huongezeka takribani mara tano. Kwa hiyo husafiri likiwa dogo na kuonekana likiwa kubwa. Hata hivyo, dawa nyingi haziyeyuki katika perfluorokaboni, hivyo hulazimika kubebwa kwenye ganda, ambalo halina nafasi kubwa, na mpasuko wa tone linapogeuka kiputo ndani ya kapilari unaweza kuujeruhi ukuta.

Ndiyo maana mimi huvutiwa zaidi na wale walioacha kukitwika kiputo mzigo. Mwaka 2016 watafiti wa Paris walichapisha matokeo ya wagonjwa wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, waliopandikizwa kifaa cha ultrasaundi kwenye fuvu: viputo vya kawaida vilidungwa, vikatikisika dhidi ya kuta za mishipa hadi kizuizi kati ya damu na ubongo kikalegea kwa muda, kisha karboplatini, dawa ya saratani, ikatolewa kwa dripu kama kawaida. Dawa na kiputo vilikwenda kila kimoja kivyake, na kazi iliyobaki ngumu ni ya muda: dawa lazima iwe imefika kwenye damu kabla mianya haijafunga, nayo hufunga ndani ya saa chache.