Kigoga cha mfongoni

Likizo ya Juni 2003 dada yangu alirudi nyumbani Marangu, Kilimanjaro, kutoka Norwe alikokuwa akisoma, akaniomba nimsaidie kutafuta vigoga, ile mimea laini ya kijani inayofunika mawe na magogo. Nilidamka mapema kumfurahisha. Alipokuja kunywa chai nilikuwa nimejaza kiroba kizima.

"Umevitoa wapi, mdogo wangu?"

"Mfongoni, dada. Kwenye mawe ya juu ya kihamba cha babu." Mfongo ni mfereji wetu wa kumwagilia maji; kihamba ni shamba la ukoo.

"Umevibandua na nini?"

Nikamwonyesha kisu cha jikoni. Akavuta kigoda, akaketi, akachukua fungu moja na kulikamua. Maji ya matope yakamchuruzika hadi kiwikoni. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Kigoga, alinieleza, hakina mizizi ya kunyonya ardhini. Hunywa kwa vijani vyake: mvua, ukungu, vumbi. Metali kama risasi, nikeli au shaba zikishuka navyo hunasa humo. Ndiyo maana Waswidi walianza kuvitumia kupima hewa miaka ya 1960. Lakini changu kilikunywa mfongo, na mfongo umepita mashamba ya watu wangapi? Tena nimekigusisha chuma.

Akanisimulia kaskazini kabisa ya Norwe, ambako majira ya baridi jua halichomozi. Ukitazama unaona theluji tupu. Ila ng'ambo ya mpaka, mjini Nikel, Urusi, kulikuwa na tanuri za kuyeyushia madini, na vigoga vya upande wa Norwe vilikuwa vimeshiba nikeli na shaba. Aina moja ya huko huongeza kidato kimoja kila mwaka, kimoja juu ya kingine. Maabara hupewa vidato 3 vya mwisho. Alinichorea kwa kijiti kwenye vumbi la uani, na mchoro ule ninauona hadi leo.

Mchana tukapanda tena mlimani kuchuma vingine, na glavu na mifuko safi, zaidi ya mita 300 kutoka barabara kuu, mahali pa wazi ambapo matone ya majani ya miti hayafiki. Nilibandua kwa vidole, taratibu, nikitoa kila sindano ya msonobari iliyonasa.

Wakati huo petroli yetu bado ilikuwa na risasi. Kila niliposikia gari likipanda kutoka Himo, nilifumba mdomo wa mfuko kwa kiganja. Dada alisema kwa umbali ule haisaidii kitu. Niliendelea kuufumba.