TV ya chogo ya mama haitoki sebuleni

Jumamosi nilimpelekea mama TV mpya Tanga, LED ya inchi 43. Nia yangu ilikuwa ile ya chogo ya inchi 21 itoke, maana iko juu ya kabati tangu nasoma shule ya msingi. Mama hakubisha. Aliuliza tu, "Mwanangu, kanda ya harusi tutaiona humo?"

Nikachomeka deki kwa zile waya tatu: njano, nyekundu, nyeupe. Picha ikaja, lakini marehemu baba alikuwa mpana, mashavu yamevimba, na kanga za akina shangazi zimekuwa ukungu wa rangi. Mama akasogea karibu na kioo, kimya. Iliniuma.

Upana niliurekebisha kwa rimoti. TV ilikuwa inavuta picha ya 4:3 (upana nne kwa kimo tatu) ijae kioo kipana cha 16:9. Nilipochagua 4:3 baba akarudi sura yake, na weusi ukabaki pembeni.

Ukungu ndio uliokataa. Kioo kile kina pikseli (vidoti vya picha) 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili, na kanda ya VHS kama hii haina hata robo ya hizo. Kwa hiyo TV inakisia na kujazia, na kila mchubuko wa kanda unakuzwa pamoja na uso wa mtu. Chogo haikisii kitu. Inachora mstari kwa mstari, kwanza nusu ya mistari kisha nusu nyingine, nusu 50 kwa sekunde, vilevile kanda ilivyorekodiwa. Na weusi wake ni mweusi kweli. LED ina taa nyuma ya kioo, suti ya baba ikaonekana ya kijivu. TV ya aina ya OLED ingeweza, maana kila pikseli inajiwasha na kujizima yenyewe, ila bei yake kwa sasa siimudu.

Kinachonikosesha usingizi ni deki. Funai ya Japani, waliokuwa wa mwisho kuziunda, waliacha mwaka 2016, na unyevu wa pwani unaotesha kuvu kwenye kanda. Mwezi huu naihamishia kanda kwenye kompyuta, nakala moja kwenye flashi, nyingine kwa dada.

Jioni nikairudisha chogo juu ya kabati. Bibi alipokaribia kutokea na kanga yake ya njano, mama akalitaja jina la kanga hiyo kabla kamera haijaifikia.